Si kila kinachobana chini ya chembe ni vidonda

Hapa Dodoma vidonda vya tumbo vinabebeshwa mizigo mingi isiyo yao. Mtu mzima anabanwa kifua saa nane usiku, anaamka, anakunywa maziwa, anatafuna dawa ya gesi, anasubiri kukuche. Jua likishapanda ndipo anatafutiwa usafiri. Mimi ni daktari wa moyo, na wengi ninaowapokea wakiwa wamechelewa hawakucheleweshwa na barabara. Walikuwa wanatibu tumbo.

Siwalaumu sana. Mshtuko wa moyo unaopiga sehemu ya chini ya moyo, ile iliyolala juu ya msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huuma chini ya chembe kabisa, tena pamoja na kichefuchefu na kutapika. Nani hatafikiria vidonda? Lakini kinachoendelea humo ndani ni kingine: mafuta yaliyojijenga kwa miaka kwenye ukuta wa mshipa unaolisha moyo yamepasuka, damu imeganda juu yake, mshipa umeziba. Msuli uliokosa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na unaendelea kufa kwa saa kadhaa.

Mimi huanza kwa kuangalia mkono. "Mzee, hebu nionyeshe panapouma." Akinyoosha kidole kimoja kwenye ubavu, na nikipabonyeza anaruka, mara nyingi ni msuli au mbavu. Akikunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua, namwita muuguzi alete mashine ya ECG, ile inayopima umeme wa moyo, kabla mzee hajamaliza maelezo. Kuna wanaonyosha kidole na bado ni moyo, lakini ile ngumi siipuuzi hata siku moja.

Halafu nasikiliza maneno. Wengi hawasemi panauma. Ukiwauliza kuhusu maumivu watakukatalia: "Hapana daktari, sina maumivu, ila kuna uzito, kama mtu kanikalia." Uzito huo unakaa zaidi ya dakika 15, haupungui ukigeuka wala ukivuta pumzi, na unasambaa: shingoni, kwenye taya, mgongoni katikati ya mabega, mkononi. Watu wameshika sana habari ya mkono wa kushoto. Hata wa kulia unahusika, na yote miwili pia.

Na jasho. Mwezi wa saba Dodoma upepo unakata, kila mtu ana koti au kitenge mabegani. Anapoingia mtu shati limelowa mgongoni, ngozi ni ya baridi ukiigusa na midomo imepauka, sihitaji hadithi ndefu. Gesi hailowanishi shati namna hiyo.

Wenye kisukari wanahitaji jicho la pekee, kwa sababu kisukari huharibu neva zinazopeleka taarifa ya maumivu. Bibi mwenye sukari anaweza kupata mshtuko mkubwa na akasema tu, "Nimechoka, mwanangu, pumzi haitoshi." Akina mama kwa jumla, na wazee sana, wanaweza kuja hivyo hivyo: pumzi fupi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla usioelezeka. Nyumbani wanaambiwa ni presha au mawazo, wakalale.

Mara nyingi moyo hubisha hodi mapema. Mtu anayepakia magunia pale Kibaigwa anaanza kubanwa akibeba, akikaa dakika chache kunaachia. Mwingine ni kwenye ngazi za ofisi, au akipanda mlima baada ya kushiba. Mbano unaokuja na kazi na kuondoka na pumziko, njoo nao kliniki wiki hiyo hiyo. Ukianza kuja hata umekaa, hiyo ni dharura.

Mshtuko ukishaanza, kaa chini, usiendelee kutembea. Tafuna aspirini ya miligramu 300, usiimeze nzima, isipokuwa kama inakudhuru, unatapika damu au kunya damu, au una dalili za kiharusi. Usichomwe diklofenaki ya duka la dawa ili "maumivu yatulie". Kwa moyo uliokosa damu inaongeza hatari. Ule ujumbe wa WhatsApp unaodai kukohoa kwa nguvu kunaokoa mwenye mshtuko wa moyo ufute, na aliyekutumia mwambie. Usijiendeshe gari, na usipande bodaboda peke yako nyuma ya dereva, maana ukizimia njiani hakuna wa kukushika.

Nenda kwenye hospitali ya karibu yenye ECG. Aliye Kondoa au Mpwapwa asikimbilie moja kwa moja Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma kwa sababu tu ndiko uliko mtambo wa kuzibua mishipa ya moyo. ECG inatakiwa ndani ya dakika 10 baada ya kufika, na ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hutolewa ndani ya saa 12 tangu mbano uanze, mapema ikiwa bora zaidi. Rufaa ifuate baada ya hapo.

Mapokezi usiseme "tumbo linasumbua", utapangiwa foleni ya tumbo. Sema kifua kinabana, taja saa kilipoanza. ECG ya kwanza ikitoka safi na bado unabanwa, usikubali kurudishwa nyumbani: omba irudiwe, na kama kuna kipimo cha damu cha troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia, nacho kirudiwe baada ya saa chache, kwani mwanzoni kinaweza kuwa bado hakijapanda.