Je, wajua? Jinsi ndege kubwa ya kivita ya mfano inavyohamishwa kutoka petroli hadi umeme

Mtu akisikia kwamba ndege ya mfano ya kilo 11, inayoongozwa kwa rimoti na rubani aliye ardhini, imeng'olewa injini ya petroli ya cc 50 na kufungwa mota ya umeme, huuliza kwanza kama mota itaivuta. Itaivuta, tena vizuri. Kazi ngumu iko kwingine. Injini ile ilikuwa inavuta ndege na papo hapo inasawazisha mkia kwa uzito wake. Ukiitoa puani, kuvuta utakupata kwa urahisi, lakini usawa utautafuta kwa rula na mizani.

Tuchukue P-51 Mustang iliyopunguzwa mara tano. Mabawa ya ndege halisi yana upana wa mita 11.28, hivyo ya mfano yanafika karibu mita 2.26. Injini ya silinda moja hutikisa mwili mzima: skrubu hulegea, giya za servo, yaani vimota vinavyosogeza sehemu za usukani, huchakaa. Eksozi yake haienei ndani ya boneti nyembamba ya Mustang, basi boneti hukatwa ubavuni na mafuta huchuruzika tumboni kila ndege inaporuka. Baya zaidi ni injini kuzima angani. Ndege ya kivita ni nzito kwa mabawa iliyo nayo. Ikikosa nguvu huporomoka haraka, na rubani hubaki na sekunde chache za kuchagua pa kutua.

Hesabu huanzia kwenye propela, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua mota, betri na nyaya. Kipimo cha kukadiria ni wati 250 hadi 350 kwa kila kilo ya ndege iliyo tayari kuruka. Kwa kilo 11, lenga wati 3,500 au zaidi kidogo. Propela inayofaa hapa ni ya 22x12: kipenyo cha inchi 22, na inchi 12 ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Ikizunguka mara 6,200 kwa dakika, inchi hizo 12 zinatoa mwendo wa karibu kilomita 113 kwa saa. Ndege yenyewe hukosa mnyanyuko ikishuka kwenye kilomita 47 hivi. Mwendo wa propela ukiwa karibu mara mbili na nusu ya huo, rubani ana akiba ya kutosha. Ukikaribia mara mbili tu, ndege itapaa lakini itakuwa mvivu kila inapoelekezwa juu.

Sasa mota. Kila mota ina namba iitwayo Kv, yaani mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Betri ni mbili za lipo (aina ya lithiamu), kila moja ya seli 6 na mAh 5,000 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), zikiunganishwa kwa mfululizo kuwa seli 12. Zikijaa zina volti 50.4, zikibeba mzigo hushuka hadi 43 hivi. Zidisha 43 kwa Kv ya 170, kisha chukua asilimia 85 ya jibu kwa sababu mzigo hupunguza mwendo: unapata karibu 6,200. Mkondo utakuwa takriban ampea 90, sawa na wati 3,870. Kidhibiti cha mota, kifaa kinachoipimia umeme kutoka kwenye betri, basi kiwe cha ampea 130 au zaidi, na kiwe kimeandikwa wazi kwamba kinabeba seli 12. Kilichoundwa kwa seli 6 kitaungua mara tu utakapochomeka betri.

Usikimbilie propela kubwa zaidi ukidhani inchi mbili si kitu. Mzigo hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Kutoka inchi 22 hadi 24, kwa mizunguko ileile, mzigo unaongezeka kwa asilimia 40 na ushee. Hivyo ndivyo mota nzuri zinavyotoa moshi siku ya kwanza. Anayetaka propela ya panga nne ili ndege ifanane na Mustang halisi aanze na kipenyo kidogo zaidi, kisha apime.

Tuje kwenye uzito. Kabla hujalegeza boliti hata moja, pima umbali kutoka kibao cha kufungia injini hadi pale propela inapokaa, na uuandike. Halafu weka alama ya kitovu cha uzito, yaani mahali ndege inaposawazika ikiinuliwa, kwenye bawa. Tuseme injini pamoja na eksozi na mfumo wa kuwasha ni kilo 2, na vyote kwa wastani viko sentimita 40 mbele ya kitovu. Zidisha: 80. Mota ya kilo 1 ikiwa sentimita 42 mbele inarudisha 42. Kidhibiti cha gramu 200 kikiwa sentimita 35 mbele kinaongeza 7. Zimebaki 31. Betri mbili kwa pamoja ni kilo 1.5 hivi, 31 gawanya kwa 1.5 ni karibu 21. Basi katikati ya betri lazima iwe sentimita 21 mbele ya kitovu, yaani palepale au karibu na palipokuwa tangi la petroli. Ndiyo maana tangi huondoka na betri zikarithi chumba chake. Ukizisukuma nyuma kwa sababu tu huko ndiko kuna nafasi, utalazimika kubandika vipande vya madini ya risasi puani, na risasi hiyo ni uzito usiovuta wala kuwasha chochote.

Tofauti ni kwamba tangi hufungwa ndani mara moja, ilhali betri hutoka kila baada ya kuruka. Kwa hiyo unahitaji mlango. Kwenye Mustang njia safi ni kulifanya paa la kioo la chumba cha rubani, pamoja na sehemu ya mwili iliyo mbele yake, litoke kama kifuniko chenye pini mbele na lachi nyuma. Sumaku peke yake hazitoshi kwa kifuniko kikubwa hivyo. Ndani weka sinia ya plaiwudi ya milimita 6 iliyogundishwa kwenye mbavu mbili za mwili, mikanda miwili kwa kila betri, na kipande cha mti mgumu mbele ya betri cha kuzizuia. Ndege ikisimamia pua wakati wa kutua, kilo moja na nusu itataka kutokea mbele, na mkanda peke yake hautaishika.

Hapa wengi huharibu gundi. Mbao zilizokaa na petroli yenye oili hazishiki epoksi hata ukizipaka kwa wingi. Futa kwa asetoni, piga msasa hadi uone mti mweupe, futa tena, acha ikauke, ndipo ugundishe. Kibao cha mbele kiongezewe vipande vya pembetatu vya mti mgumu kwenye kona zote kwa ndani, hasa kama umekitoboa katikati kupitisha hewa na nyaya.

Injini nyingi hufungwa zikielekea kulia kidogo ili kupinga mvuto wa propela. Usiufute mwelekeo huo. Ukiwa nyuzi 2, na mota imesogezwa mbele ya kibao kwa nguzo za sentimita 15, ncha ya shafti itahama kulia kwa milimita 5. Kwa hiyo katikati ya mota, pale kwenye kibao, isogezwe milimita 5 kushoto, la sivyo koni ya propela haitakaa katikati ya boneti. Na kwa kuwa gamba la nje la mota hii ndilo linalozunguka, funga nyaya zake tatu mbali nalo. Waya ukiligusa, ngozi yake husagika kidogokidogo mpaka shaba inatokeza.

Kama nyaya hazifiki, refusha zile tatu za mota, usirefushe za betri. Waya mrefu wa betri hurusha mipigo ya volti ambayo huua kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) za kidhibiti. Ikibidi kabisa, ongeza kapasita ya mikrofaradi 220, ya volti 63, kwa kila sentimita 10 ulizozidisha. Tumia pia plagi yenye rezista ndani yake. Seli 12 zikichomekwa kwenye plagi ya kawaida hutoa cheche kali yenye mlio, na kila cheche huacha kishimo kwenye shaba mpaka plagi inaanza kupata joto.

Hewa nayo itafutiwe njia. Tundu la kutokea liwe karibu mara mbili ya la kuingilia, vinginevyo hewa moto hugoma ndani. Mustang ina bahati: mdomo ulio chini ya pua unaweza kutobolewa kweli ili kuleta hewa, na sehemu ya nyuma ya rejeta ya tumboni ikawa mlango wa kuitoa.

Betri ya risiva, kifaa kinachopokea mawimbi ya rimoti na kuamuru servo, ibaki peke yake kama ilivyokuwa zamani za petroli. Betri kubwa zikikata, servo zitaendelea kutii na ndege itatua.

Jaribio la kwanza ni la kujua mota inazunguka upande gani, na propela isiwepo. Ikizunguka kinyume, badilishana nafasi za nyaya zozote mbili kati ya zile tatu. Kisha funga propela, ifunge na ndege yenyewe kwenye kitu kizito, simama nyuma ya bawa, na upime mkondo kwa sekunde zisizozidi 15. Ukivuka ampea 100, punguza propela.

Siku ya kuruka, weka saa ya dakika 4, tua, kisha uangalie chaja imerudisha mAh ngapi. Ikirudisha 2,600, ndege inakula 650 kwa dakika. Kati ya 5,000, tumia 4,000 tu, maana seli zinazotumiwa kupita hapo huvimba mapema. Gawanya: dakika 6, na kutua kumo ndani yake.