Sarufi elekezi: nani aliyetunga sheria za Kiingereza?

Sarufi elekezi ni ile inayomwamuru msemaji: sema hivi, usiseme vile. Sarufi fafanuzi husikiliza kwanza watu wanavyosema, kisha hueleza utaratibu inaoukuta humo. Wengi wetu tulifundishwa Kiingereza kwa ile ya kwanza, na hatukuambiwa kwamba amri zake zina tarehe na wenyewe.

Nilipokuwa kidato cha kwanza niliandika "the knife I cut it with". Mwalimu akalizungushia wino mwekundu lile "with": sentensi haimalizwi kwa kihusishi, yaani neno kama hilo "with". Nilikubali. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua amri ile ilianzia wapi.

Mwaka 1672 mshairi John Dryden alikuwa akikosoa maandishi ya mtunzi wa tamthilia Ben Jonson, aliyekwisha kufariki, na moja ya dosari alizomtolea ni hiyo ya kuacha kihusishi mwishoni. Akakiri kwamba naye ameifanya. Insha yake ya 1668 ilipochapishwa upya mwaka 1684, alikuwa ameipitia na kuvihamisha vihusishi vyake. Waingereza walikuwa wakisema hivyo kwa karne nyingi, lakini kwa msomi wa enzi ile kipimo cha lugha iliyonyooka kilikuwa Kilatini, na katika Kilatini kihusishi hakiachwi kikining'inia. (Sisi hatuna taabu hiyo: tunasema "kisu nilichokatia mkate", na kitenzi kinabeba kila kitu.)

Karne ya 18 ndiyo iliyozikaza sheria. Biashara na miji ilikuwa inakua, na familia zilizopata fedha zilitaka watoto wao waongee kama waungwana. Mwandishi Jonathan Swift alipendekeza mwaka 1712 kiundwe chombo cha kuilinda lugha, Ufaransa ikiwa na chake tangu 1635. Hakikuundwa. Pengo hilo likazibwa na waandishi wa vitabu vya shule.

Aliyevuma zaidi ni Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London. Katika sarufi yake ya 1762 alisema kihusishi cha mwishoni kinafaa katika mazungumzo, ila katika maandishi ya heshima ni bora kitangulie. Huo ulikuwa ushauri wa mtindo tu; waliomfuata ndio walioufanya marufuku. Lowth huyohuyo alifundisha kwamba vikanushi viwili hufutana, kama katika hesabu. Kwa hiyo "I don't know nothing" ikahesabiwa kuwa ni kujua kitu. Mshairi Chaucer, katika karne ya 14, alirundika vikanushi viwili hata vitatu kutilia mkazo, na wasomaji wake walimwelewa.

Kisha akaja Lindley Murray, mwanasheria Mmarekani aliyehamia karibu na York. Sarufi yake ya 1795, aliyoiandika kwa ajili ya shule ya wasichana, ilichota mengi kwa Lowth na ikasomwa madarasani Uingereza na Marekani kwa miongo mingi.

Wapo walioona vingine tangu mwanzo. Joseph Priestley, yule mwanakemia, alitoa sarufi yake mwaka 1761, mwaka mmoja kabla ya Lowth, akishikilia kwamba mazoea ya wasemaji ndiyo kipimo cha haki cha lugha. Shule zilimchagua Murray.