Kabla ya Kumwagia Kidonda Unga wa Kapsuli

Tunapokaribia tarehe 18 hadi 24 Novemba, wiki inayotumika kila mwaka duniani kuhamasisha kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kliniki yetu ya vidonda imeona vyema kujibu lalamiko linaloongezeka: mgonjwa amemwagia kidonda unga wa kapsuli za antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, amepaka krimu, ameosha kwa spiriti asubuhi na jioni, na bado hakifungi.

Ngozi inapokatika, seli nyeupe ziitwazo nyutrofili hufika ndani ya saa chache, na makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki, huongezeka siku ya pili na ya tatu. Karibu kila seli hubeba jeni zote za mtu, yaani maagizo yake ya urithi, zikiwemo takribani 20,000 za kutengeneza protini, lakini husoma zile tu zinazohitajika wakati huo. Makrofaji ikigusa bakteria au mabaki ya seli iliyopasuka, protini iitwayo NF-kB, iliyokuwa imefungiwa nje ya kiini, huachiwa, huingia kiinini, hushika vinasaba (DNA) na kuwasha jeni za uvimbe. Wekundu, joto na maumivu ya siku mbili za mwanzo hutokana na kazi hiyo. Nyutrofili zikishakufa, makrofaji huzimeza, na kule kuzimeza kwenyewe huchangia kubadili usomaji: jeni za uvimbe hutulizwa, nyingine huwashwa, ikiwemo ya TGF-beta, protini inayoziamuru seli za jirani kufuma kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Ndipo huota nyama nyekundu yenye punjepunje, inayovuja damu ukiigusa tu. Tumepokea watu walioikwangua kwa pamba na spiriti wakidhani ni uchafu.

Krimu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, hufanya jambo jingine. Steroidi huingia kwenye seli, hushikana na kipokezi chake, kisha hukandamiza jeni za uvimbe pamoja na za kolajeni. Wekundu hupotea, mnunuzi akaisifu dawa, na kidonda kikabaki wazi.

Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, sukari nyingi huacha alama za kikemikali kwenye histoni, yaani protini ambazo vinasaba vimezungushiwa, hivyo jeni za uvimbe hubaki zimewashwa hata muda wake ukipita. Kidonda hugeuka donda ndugu. Mgonjwa hakukanyaga kitu cha mtu, wala hakurogwa. Tumelieleza hili mara nyingi mno.

Utaratibu ni huu. Kidonda ambacho hakijapungua hata nusu baada ya wiki nne kiletwe kituoni, na cha mguu wa mwenye kisukari kiletwe siku kinapoonekana. Mgonjwa aje na kadi ya kliniki, barua ya rufaa kama anayo, na dawa zote alizotumia, zikiwa ndani ya makasha yake, kwa kuwa unga uliofungwa kwenye karatasi hatuwezi kuutambua. Atapimwa sukari kabla ya kusafishwa kidonda. Kiwango cha sukari cha milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na kuendelea wakati wowote kikiambatana na dalili, kitampeleka kwa daktari wa kisukari. Antibiotiki hutolewa kwa cheti cha daktari, na muuzaji anayekiuka masharti ya kibali chake anaweza kufungiwa duka na kufikishwa mahakamani. Aliyekwisha kupaka krimu ya steroidi aseme wazi pale mapokezi. Hatakaripiwa, ila taarifa hiyo itaandikwa kwenye jalada lake.