Umenunua CG iliyotumika? Kabureta iguswe mwisho

Pikipiki ya injini ya CG ikitoka mikononi mwa mtu, mara nyingi kabureta yake, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imeshafunguliwa kuliko kitu kingine chochote. Ikisumbua kuwaka, kabureta. Ikila mafuta, kabureta. Ndiyo maana unakuta skrubu zake zimeliwa vichwa. Nakuomba usianzie hapo. Lawama nyingi anazobebeshwa kabureta ni za tapeti (mwanya wa vali), chujio la hewa na plagi, na hivyo vyote unavimaliza kwa siku moja ukiwa na spana chache.

Nazungumzia injini ya Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976, pamoja na ndugu zake wa Kichina wa cc 125 na 150 waliojaa barabarani kwetu. Vali zake zinasukumwa na fito mbili kutoka chini, hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Ni injini inayovumilia sana, na kwa sababu hiyo watu huiendesha miaka bila kuifungua kifuniko cha juu.

Mimi huanza na oili, maana oili ndiyo inayosema pikipiki ilivyotunzwa. Washa injini dakika tano ipate joto, isimamishe kwa stendi ya kati, fungua boliti ya chini umwagie kwenye beseni safi. Oili nyeusi si tatizo. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida kwa injini yenye umri. Vipande vinavyonata kwenye sumaku si vya kawaida, na hapo injini ifunguliwe kabla hujasafiri nayo. Injini hii haina chujio la karatasi. Ina wavu mdogo wenye springi, uoshe kwa mafuta ya taa uurudishe jinsi ulivyoutoa.

Tia oili kama lita 0.9 hadi 1, ya 20W-50 kwa joto letu, na kwenye kopo utafute maandishi JASO MA au MA2, alama ya oili ya pikipiki. Oili hiyohiyo ndiyo inayolowesha klachi, kwa hiyo oili ya gari yenye viambato vya kupunguza msuguano itafanya klachi iteleze: injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Ukipima oili kwa kijiti, kichomeke bila kukikaza, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Tapeti zinataka injini iliyolala usiku kucha, baridi kabisa. Toa plagi ili injini izunguke kwa urahisi, fungua kifuniko cha juu cha silinda, kisha zungusha magneti upande wa kushoto kinyume cha saa hadi alama ya T ikutane na alama ya kwenye kava. Sasa shika roka zote mbili, mikono midogo inayokandamiza vali, uzitikise. Zikicheza kidogo, uko mahali sahihi. Moja ikiwa imekaza, zungusha duru nzima tena urudi kwenye T. Wengi hukosea hapa: wanaona T, wanaanza kufungua nati, kumbe vali imekandamizwa.

Kwa Honda CG125 mwanya kati ya roka na vali ni milimita 0.08, vali ya kuingiza na ya kutoa sawasawa. Kwa za Kichina fuata kitabu chake. Ukikikosa, anzia hapohapo 0.08. Fila geji, kibati chembamba cha kupimia mwanya, ipite kwa kukwaruza kidogo, isilazimishwe. Unapokaza nati, shikilia skrubu ya kurekebishia, maana huzunguka pamoja na nati, halafu upime tena. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyonyamaza. Ikikazwa mno, vali haifungi vizuri injini ikipata moto. Kompresheni inapungua, pikipiki inagoma kuwaka ikiwa ya moto, na vali ya kutoa moshi inaungua kingo. Huyo ndiye mgonjwa anayepelekwa kwa fundi wa kabureta kila wiki.

Plagi ya D8EA iwe na mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Ikaze kwa mkono hadi ikae, kisha nusu mzunguko kwa spana kama ni mpya. Masizi makavu meusi yanaelekeza kwenye chujio la hewa. Plagi iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za vali. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, lipake oili kidogo ulikamue.

Bado inasumbua? Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga petroli kwenye chupa angavu. Maji yatakaa chini yaonekane. Injini ikiwa inasailensi, yaani inaunguruma bila kupewa mafuta, nyunyiza maji kwenye maungio ya kabureta na silinda. Mlio ukibadilika, hewa inavuja pale. Ukilazimika kufungua, jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, ipulizwe kwa upepo tu. Waya unapanua tundu, na kuanzia siku hiyo itakula mafuta hadi ununue jeti nyingine.

Cheni ya 428 ina kipimo kisichodanganya: ivute, pima pingili 20 kutoka pini hadi pini. Ikiwa mpya ni milimita 254. Ikizidi 259, badilisha pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu sproketi kuukuu huila cheni mpya upesi.

Kwenye breki, angalia kama mkono wa ngoma umewahi kung'olewa na kurudishwa kwa pembe nyingine ili kuficha shuu zilizokwisha. Fungua gurudumu, unene wa shuu ukiwa chini ya milimita 2, weka mpya.

Baada ya kilomita 500 mwaga oili tena, kwa kuwa ya kwanza imekusanya uchafu wa zamani, na upime tapeti upya. Andika kilomita hizo chini ya siti kwa kalamu ya wino mzito, na kama spidomita haifanyi kazi, andika tarehe.