Je, wajua kwa nini ikoni ndogo huchorwa upya badala ya kupunguzwa?

Juu kabisa ya kivinjari, kando ya jina la tovuti, hukaa ikoni, yaani kialama ambacho kwa kawaida kina pikseli 16 kwa 16. Ukizihesabu zote ni 256. Kila moja ni kitone cha rangi, na kitone hicho hubeba rangi moja tu kwa wakati mmoja. Ndani ya nafasi hiyo watu hutoshea nembo, nyuso, hata wanyama.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kialama cha namna hiyo ni mchoro mkubwa uliopunguzwa, basi. Nilianza kazi kama mchora katuni, na kwenye karatasi ndivyo tulivyofanya: unachora kwa ukubwa kuliko utakavyochapishwa, kisha picha inapunguzwa, na mitetemo ya mkono inapungua nayo. Mistari hukaza. Nilipohamia kwenye kompyuta nilihama na imani hiyo, na ilipata nguvu zaidi nilipojifunza vekta, yaani mchoro unaohifadhiwa kama maelekezo ya kihesabu: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Mchoro wa vekta unaweza kuukuza ukajaa ukuta mzima na kingo zake zikabaki kali kama wembe. Nikasema moyoni, kama unakua bila kuharibika, utapungua vilevile.

Hapo ndipo nilipokosea, na bado naona wabunifu hodari wakikosea palepale. Vekta haina pikseli inapohifadhiwa, lakini skrini haina kitu kingine cha kuionyeshea isipokuwa pikseli. Maelekezo yote hatimaye hugeuzwa kuwa vitone. Ukikuza, kila mkunjo unapata vitone vingi zaidi vya kuueleza. Ukipunguza, unanyang'anywa vitone, na hakuna hesabu itakayokurudishia nafasi ambayo haipo. Isitoshe, kwenye karatasi tulipunguza mchoro kwa nusu, pengine theluthi. Ikoni hupunguzwa zaidi ya hapo: kutoka upana wa pikseli 512 hadi 16 ni mara 32.

Nitamtumia kunguru niliyewahi kumchorea mteja mmoja: kichwa cheusi, miwani ya duara, jicho jeupe, manyoya matatu yaliyosimama utosini. Mchoro ulikuwa na pikseli 512 kila upande. Ukiupunguza hadi 16, kila pikseli mpya inabeba mraba wa 32 kwa 32 wa mchoro wa awali. Pikseli 1,024 zinatolewa wastani mmoja. Jicho lake lilikuwa duara lenye upana wa pikseli 20, yaani takriban pikseli 314 nyeupe. Likibahatika kuangukia lote ndani ya mraba mmoja, weupe haufiki hata theluthi. Kinachotokea ni kijivu kizito. Likiangukia kwenye makutano ya miraba minne, kila mraba unapata chini ya asilimia 8 ya weupe, na kunguru anakuwa kipofu.

Fikiria sakafu ya vigae. Umeambiwa upitishe mstari mweusi juu yake, ila huruhusiwi kupaka sehemu ya kigae. Ukikigusa, unakipaka chote. Mstari ulio mwembamba kuliko kigae unakulazimu ukipake kigae kizima rangi hafifu. Ukipita juu ya ungio, unavipaka viwili, tena hafifu zaidi. Mstari ni uleule, umesogea nusu kigae tu, lakini sasa unaonekana mnene na wenye ukungu. Ni kama kudondoshea wino kwenye glasi ya maji. Wino wote bado umo, hakuna tone lililopotea, ila mstari hauonekani tena.

Waliofanya kazi na skrini za mwanzo hawakuwa na nafasi ya kujidanganya. Susan Kare, aliyechora ikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, alizipanga kwenye karatasi ya miraba, 32 kwa 32, kila mraba ukiwa mweusi au mweupe. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa michezo ya video, ameeleza kwamba masharubu ya Mario, mhusika aliyeonekana kwanza katika mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981, yalitokana na uhaba huohuo: kwenye uso wa pikseli chache, masharubu yaliitenga pua na kumwondolea kazi ya kuchora mdomo. Kofia ilimwepusha na nywele. Hiyo ni akili ya katuni hasa. Hata wachonga herufi za madini ya risasi, zile za kuchapia vitabu, walichonga kila ukubwa peke yake, na herufi ndogo wakazipa mwili mpana na nafasi zaidi.

Skrini za leo zimepunguza tatizo, hilo ni lazima nilikiri. Simu ya iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuwa na pikseli 326 kwa inchi, kila moja ikiwa na upana wa takriban milimita 0.08. Kwa umbali wa sentimita 30, jicho lenye afya hutenganisha vitu vilivyoachana kwa karibu milimita 0.09, hivyo ukungu wa kingo hauonekani kirahisi. Lakini kama ikoni yenyewe imebaki na upana wa milimita chache, jicho nalo hutoa wastani wake. Na maumbo mepesi, kama duara moja au herufi moja nene, hupungua bila shida kubwa hata kwenye skrini za zamani.

Kunguru wangu hakuwa umbo jepesi. Nilimchora upya kitone kwa kitone. Miwani niliitoa, ingawa mteja aliipenda. Manyoya matatu yakawa moja. Mdomo niliurefusha hadi pikseli tano, karibu theluthi ya picha nzima, kiasi ambacho kwenye bango kingetisha. Jicho likawa pikseli moja nyeupe, isiyo na kijivu pembeni. Nilipoishusha pikseli hiyo hatua moja, kunguru alisinzia. Nilipoipandisha, akashtuka. Nikairudisha katikati, naye akatulia akinitazama.