Kalibu ya Fundi na Kosa Linalojirudia

Katika karakana za Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Bagira, fundi aliyepewa kazi ya madawati mengi yanayofanana hujitengenezea kalibu ya mbao, ambayo wengi huiita gabari, ili asipime upya kila kipande. Ni desturi nzuri, nasi katika mafunzo ya useremala tunaihimiza. Hata hivyo kalibu haisahihishi chochote: kosa lililomo ndani yake huingia katika kila ubao, na kwa kuwa vipande vyote hutoka sawasawa, fundi huamini kwamba viko sahihi. Fremu ya dirisha yenye kona za kukatwa kwa digrii 45 ina mikato minane. Kalibu ikipotoka kwa nusu digrii tu upande uleule, kona tatu zitafungwa na ya nne itaachama kwa digrii 4.

Anza na guni, yaani ekeri, kifaa cha kupimia pembe mraba, maana ndiyo iliyopimia kalibu. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze, kisha chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana, nafasi iliyo kati yake ni mara mbili ya kosa la guni.

Kwa kalibu ya kukatia pembe mraba, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kile cha mikato mitano. Chukua kipande cha tripleksi, yaani plaiwudi, kata pande zake nne, kila mara ukiegemeza upande uliotoka kuukata kwenye kizuizi cha kalibu, yaani ukingo wake ulionyooka wa kuegemezea kazi, halafu rudia upande wa kwanza na uondoe ukanda mwembamba. Kosa limejumlishwa mara nne, kwa hiyo lisiloonekana kwa jicho sasa linapimika. Ukanda wa milimita 400 ukiwa na upana wa milimita 12.0 mwisho mmoja na 12.8 mwisho wa pili, tofauti ya 0.8 igawanye kwa 4: kalibu imepotoka milimita 0.2 katika urefu huo. Kwa dawati, kiasi hicho kinavumilika; kwa droo, mimi ningekirekebisha. Acha skrubu moja ya kizuizi iwe mhimili, na umbali wa milimita 400 kutoka hapo ingiza vipande viwili vya karatasi ya kuandikia, ambayo unene wake ni takriban milimita 0.1, kisha ukate na kupima tena.

Tafadhali usitengeneze kalibu kwa mbao mbichi ya mkaratusi au grevilea, hata ikiwa ndiyo iliyopo karibu. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana kuliko kwa urefu, nayo mbichi hupinda inapokauka. Tripleksi hutulia zaidi kwa sababu tabaka zake zimepishana. Hata hiyo ipimwe upya mvua zinaporudi baada ya kiangazi, na tarehe ya kipimo iandikwe kwa penseli juu ya kalibu yenyewe.