Sebene nalo ni ibada

Mjini Unguja utasikia Wakristo wakisema albamu ya kuabudu ni ile ya taratibu: kinanda chini, sauti ya kunong'ona, machozi. Ngoma zikipanda na sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezwa, ikaanza, basi hiyo ni burudani ya vijana. Si kweli.

Zaburi ya 150 inaagiza Mungu asifiwe kwa matari na kucheza, kwa matoazi yavumayo. Zaburi ya 46 inataka watu watulie wamjue. Vyote vimo katika kitabu kimoja cha nyimbo. Na Mzanzibari ndiye wa mwisho kushangazwa na hilo, maana jirani yake Mwislamu ana maulidi ya homu: watu wamepiga magoti safu moja, matari yanalia, miili inayumba pamoja, na hakuna anayedai pale hapaombwi.

Sikiliza albamu iliyorekodiwa ibadani. Aghalabu hufungua kwa kasi, mapigo 120 au zaidi kwa dakika, watu wasimame, wapige makofi. Kisha hushuka hadi 70 hivi; mpiga ngoma huweka fimbo pembeni, kinanda hushikilia kodi moja, yaani noti chache zinazolia pamoja, mwimbaji hurudia mstari uleule. Wanamuziki ni walewale. Hata wimbo mmoja huvaa sura mbili: Hillsong United, kundi la nyimbo za ibada la Australia, walitoa albamu ya Zion mwaka 2013, na mwaka huohuo wakazirudia nyimbo zake kwa magitaa makavu, yasiyo ya umeme.

Lawama ya kelele usiku wa manane, hiyo ninaikubali. Lakini anayelaumiwa hapo ni mwenye spika.